Kwanta, PIN yako na shangazi

Wiki hii maswali karibu yote ni ya kompyuta za kwanta, zile zinazopiga hesabu kwa kanuni za fizikia ya chembe ndogo sana. Nimechukua sita. Lile la "je, ndiyo mwisho wa intaneti?" nimeshalijibu mara mbili, sirudii.

Kompyuta ya kwanta ikikamilika, itafungua nywila zote duniani? (Tabora, na wengine kumi na mmoja)

Hapana, na hilo neno "zote" ndilo linalowapoteza. Mwaka 1994 Peter Shor, mwanahisabati wa Marekani, alionyesha kwamba mashine ya aina hii, ikiwa kubwa vya kutosha, itaichambua namba kubwa hadi kwenye namba tasa zilizoizaa. Ni namba tasa zile zile za shule ya msingi. Kufuli za RSA, mbinu maarufu ya kufunga data mtandaoni, zinategemea ugumu wa kazi hiyo, na mbinu ya Shor inazigusa pia kufuli nyingine za ufunguo wa wazi (ufunguo mmoja hutangazwa kwa wote, wa pili huwa siri): zinazoanzisha mazungumzo ya siri kati ya simu yako na benki, zinazothibitisha kwamba tovuti ni yenyewe, zinazotia saini miamala ya bitcoin. Hizo ndizo zilizo hatarini. Usimbaji (kufunga data isisomeke bila ufunguo) wa ufunguo mmoja wa pamoja, kama ule uitwao AES wa biti 256, utabaki imara. Mbinu ya mtafiti Lov Grover ya 1996 inaupunguzia nguvu lakini haiuangushi.

Na PIN yako, ndugu yangu wa Tabora, kama ni mwaka wa kuzaliwa, haihitaji fizikia. Shemeji yako anaijua.

Google walitangaza chipu iliyofanya kwa dakika tano kazi ya miaka isiyohesabika. Mbona tunaambiwa bado?

Kwa sababu kazi yenyewe ilichaguliwa ili chipu ing'ae. Ni kuchota matokeo ya kubahatisha kutoka kwenye sakiti ya kwanta, kazi ambayo haina mteja. Mwaka 2019 walitamba hivyo hivyo, wakataja miaka 10,000. IBM wakajibu kwamba kompyuta kubwa ya kawaida ingeimaliza kwa siku mbili na nusu.

Ila chipu ya Desemba 2024, Willow, yenye kyubiti 105 (vipande vya msingi vinavyobeba taarifa ndani yake), ilikuja na habari nyingine ambayo vichwa vya habari viliipita. Kyubiti ni kitu cha kudeka. Joto kidogo au wimbi la redio lililopotea njia linaivuruga, na kwa kawaida ukiongeza kyubiti unaongeza makosa. Willow ilipopanua gridi ya kyubiti zake kutoka 3 kwa 3 hadi 5 kwa 5, kisha 7 kwa 7, makosa yalipungua karibu nusu kila hatua. Hapo ndipo nilipoweka chini kikombe cha chai.

Lile dude la rangi ya dhahabu kwenye picha za kompyuta za kwanta, linaloning'inia kama taa za ukumbi wa harusi ndiyo kompyuta yenyewe?

Friji. Chipu iko chini kabisa, penye baridi inayokaribia sifuri halisi, nyuzi 273 chini ya sifuri yetu.

Si tusubiri zije kwanza, ndipo tubadilishe kufuli?

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, maana huulizwa na watu wenye vyeo na mihuri.

Mwizi hasubiri. Anazinasa leo data zilizosimbwa, anazihifadhi kwenye diski, siku mashine ikipatikana anazifungua. Diski si ghali. Kwa hiyo usihangaike na kwanta inakuja lini. Piga hesabu siri yako inatakiwa ikae miaka mingapi, jumlisha na miaka mtakayotumia kubadilisha mifumo. Ujumbe wa "nipo njiani" hauna siri ukishafika. Jibu la kipimo cha VVU la kijana wa miaka 20 linatakiwa lifichwe hata miaka 50. Nywila ikivuja utaweka nyingine. Alama za vidole ulizotoa kwa ajili ya kitambulisho cha taifa utabadilisha na zipi?

Halafu makadirio yenyewe yanashuka. Mwaka 2019 watafiti Craig Gidney na Martin Ekerå walikadiria kwamba kuvunja RSA ya biti 2,048 kungehitaji kyubiti milioni 20 kwa saa nane. Mei 2025 Gidney huyo huyo akasema hazitafika milioni moja, kwa muda usiofika wiki. Kilichonoleka hapo ni hesabu, si mashine. Mashine bado ziko mbali, na anayekwambia ni mwakani anakuuzia kitu. Lakini NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilishatoa viwango vitatu vya kufuli mpya za kuhimili kwanta Agosti 2024, na rasimu ya ratiba yake inataka RSA iwe imeondoka ifikapo 2035. Ofisi zetu hubadilisha mfumo kwa miaka mingapi? Mnajua.

Mimi ni fundi wa mifumo kwenye SACCOS. Nianzie wapi?

Kwenye orodha ya kufuli na funguo mlizo nazo. Mwaka jana niliitwa ofisi moja, nikakuta seva chini ya meza ya mhasibu, juu yake chupa ya chai. Hakuna aliyejua data zinasimbwa kwa mbinu gani na funguo ziko wapi. Cheti cha kuthibitisha kwamba mfumo ni wenyewe kilikuwa kimeisha muda miezi minane, na wafanyakazi wameelekezwa wabofye "endelea".

Pili, usitunge usimbaji wako. SIKE, mojawapo ya kufuli mpya zilizopendekezwa, ilipita michujo ya NIST kwa miaka, kisha mwaka 2022 Wouter Castryck na Thomas Decru, watafiti wa Leuven, Ubelgiji, wakaivunja kwa kompyuta ya kawaida, kama saa moja hivi. Ndiyo maana wenye busara huweka kufuli ya zamani na mpya kwa pamoja, kama Signal, programu ya kutumiana ujumbe, walivyofanya mwaka 2023. Muulize anayekuuzia programu kuhusu ML-KEM, moja ya kufuli mpya za NIST: "ML-KEM mnaweka lini?" Akianza kukueleza habari za "suluhisho bunifu", rudia swali.

Nimetumiwa tangazo WhatsApp: weka laki moja, kompyuta ya kwanta inakufanyia biashara, siku ya saba unatoa laki nne. Shangazi ameshaweka. Ni kweli?

Wizi. Siku ya saba watamdai ada ya kutolea faida. Asilipe.