Shangazi, mwanangu bado hakai

SWALI: Shikamoo shangazi. Binti yangu ana mwaka na miezi miwili. Hakai mwenyewe, miguu inakakamaa na kupishana kama mkasi, na kila kitu anashika kwa mkono wa kushoto tu. Siku ya kuzaliwa alichelewa sana kulia. Baba yake anasema tusubiri, kwao watoto huchelewa. Mama mkwe anasema amechezewa. Jirani amewakataza wanawe wasicheze naye, eti wataambukizwa. Nimesikia habari za mtindio wa ubongo, nina hofu. Je, atakuwa taahira?
Mama wa Mbagala Rangi Tatu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msisubiri. Dalili ulizotaja ndizo zinazoonekana kwa watoto wenye mtindio wa ubongo, ingawa wa kuthibitisha ni daktari baada ya kumpima. Chukua kadi ya kliniki, nenda kituo chenu cha afya, waeleze habari ya kuchelewa kulia, uombe rufaa. Hospitali ya CCBRT pale Msasani wanawahudumia watoto wa namna hii.

Hali hii hutokana na ubongo kuumia ukiwa bado unakua: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuzaliwa njiti, manjano kali isiyotibiwa, homa ya uti wa mgongo, hata malaria iliyopanda kichwani. Hakuna aliyemchezea mwanao, wala hawezi kumwambukiza mtu. Mwambie jirani hivyo, na watoto warudi kucheza. Anawahitaji.

Neno taahira lisitamkwe tena humo ndani. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa hivyo hivyo. Wageni wakija, tulimfungia chumba cha uani, na hilo linaniuma hadi leo. Jioni mama alikuwa akihesabu kwa sauti hela za maandazi, na siku nyingine mdogo wangu alipiga kelele bila kunyamaza. Tulidhani anasumbua. Siku moja dada akasema hebu tuhesabu upya: kweli, mama alikuwa ameruka mia mbili. Mdogo wangu alikuwa na miaka 9, hajawahi kutamka neno. Wapo ambao akili pia huathirika, lakini usiipime akili ya mtoto kwa miguu yake.

Jeraha la ubongo halina dawa ya kulifuta, na atakayekuuzia dawa hiyo, mganga au mwenye duka, anakula pesa yako. Kinachosaidia ni mazoezi ya viungo, tena mapema, kila siku, nyumbani. Misuli ikiachwa hukaza na viungo hupinda. Unapombeba, mpakate kiunoni miguu ikiwa imetanuka. Uji usimpe akiwa amelala, unaweza kuingia kwenye mapafu. Mkalishe wima, kichwa kielekee mbele kidogo. Fundi wa mazoezi akishampima, mafundi seremala wa Keko wanaweza kumtengenezea kiti cha pembe, yaani chenye mgongo uliokunjwa kama kona ya ukuta, na meza ndogo mbele. Akipata degedege, usinyamaze nalo, mpeleke hospitali; kifafa huandamana na hali hii mara nyingi, nacho kina dawa.

Siku ya kwenda kliniki, mchukue na mama mkwe. Usibishane naye nyumbani. Ukienda kwenye shughuli zako, yeye ndiye anayebaki na mtoto, kwa hiyo fundi wa mazoezi amwelekeze yeye pia, aishike ile miguu kwa mikono yake.