CT ya tumbo na osteoporosisi

Umeuliza kama CT (picha ya eksirei inayotengenezwa na kompyuta) aliyopigwa mama yako kutafuta mawe ya figo inaweza kutumika pia kuangalia osteoporosisi, yaani mifupa kudhoofika na kuvunjika kirahisi. Ndiyo, hiyo hiyo inatosha kuanzia, hana haja ya kupigwa nyingine. Uti wa mgongo umo ndani ya picha. Mwombe daktari wa mionzi aifungue tena apime sehemu ya ndani, ile yenye vitundu kama sponji, ya pingili ya kwanza ya kiuno (L1). Ikisoma chini ya uniti 110 za Hounsfield (kipimo cha msongamano wa kitu kwenye CT), osteoporosisi inashukiwa sana. Ikizidi 160, uwezekano ni mdogo. Viwango hivyo ni vya utafiti wa Pickhardt na wenzake, Wisconsin, Marekani, 2013, kwa CT zilizopigwa mashine ikiwa na nguvu ya kilovolti 120. Kama alidungwa dawa ya kung'arisha picha, namba hupanda, ingawa CT ya mawe kwa kawaida hupigwa bila dawa.

Aangalie pia kama kuna pingili iliyobonyea. Ikiwepo na mama hajaanguka vibaya, hiyo ni dalili nzito hata namba zikiwa nzuri, na ripoti nyingi huipita kwa sababu aliyesoma alikuwa anatafuta mawe.

DEXA (eksirei maalumu ya kupima wingi wa madini ya mfupa) bado ndicho kipimo cha kawaida cha kuthibitisha osteoporosisi (alama T, inayolinganisha mfupa na wa kijana mwenye afya, ikiwa -2.5 kushuka chini). Ila kwa mzee ambaye pingili zake zimeota vijifupa pembeni, DEXA ya mgongo husoma juu kuliko hali halisi, kwa hiyo apimwe na nyonga.