Alaimenti Baada ya Kutengeneza Usukani: Maswali Kutoka Tabora

Maswali ya safari hii yametoka Tabora mjini, Sikonge, Urambo na Nzega, na karibu yote yana kilio kimoja: gari limeingia gereji kwa ajili ya usukani, limetoka, na bado halijakaa sawa. Nimechagua yale yatakayowafaa wengi. Alaimenti ni kupima na kurekebisha mkao wa matairi ili yaangalie yanakotakiwa.

Shikamoo fundi. Nimebadilisha tairodi endi zote mbili za IST yangu. Fundi anasema alihesabu mizunguko wakati wa kufungua, akafunga kwa mizunguko ileile, kwa hiyo alaimenti ya nini tena? (Isevya)

Marahaba. Kuhesabu mizunguko ni jambo jema, na fundi anayefanya hivyo anajali kazi yake. Lakini faida yake ni kukufikisha kwenye mashine bila gari kuyumba njiani, basi. Tairodi endi, yaani kiungo cha mwisho cha fito inayogeuza tairi la mbele, ikiwa mpya haifanani na ya zamani kwa milimita, na ile ya zamani ilikuwa inacheza, kwa hiyo hata kipimo chake kilikuwa cha uongo.

Tuseme matairi ya mbele yamekosea kwa milimita 3 tu kwa jumla, yaani milimita moja na nusu kila tairi, na tairi lina kipenyo cha sentimita 60. Piga hesabu: kila kilomita moja, kila tairi linaburuzwa upande kama mita 2 na nusu. Ukitoka Tabora kwenda Nzega, safari inayozidi kilomita 100, kila tairi limesuguliwa upande zaidi ya mita 250. Hapo ndipo matairi mapya yanapoisha kabla ya wakati na mtu analaumu duka. Pitisha kiganja kwenye meno ya tairi, kwenda ndani kisha kurudi nje. Likiwa laini ukienda na linakwaruza ukirudi, matairi yanaangalia ndani au nje kupita kiasi.

Noah yangu imefanyiwa alaimenti mara mbili na kila mara inarudi vilevile baada ya wiki chache. Mashine ni mbovu? (Ng'ambo)

Inawezekana, ila mimi ningeanzia chini ya gari. Mashine inapima gari likiwa limesimama. Kama kuna kitu kinacheza, kipimo cha leo si cha kesho, na pesa uliyolipa imekwenda bure. Alaimenti ni kazi ya mwisho, baada ya kila kilicholegea kubadilishwa.

Nyanyua mbele kwa jeki, weka stendi, usiamini jeki peke yake. Shika tairi kushoto na kulia, ulitikise: likicheza, angalia tairodi endi na rak endi, yaani kiungo cha ndani cha fito hiyohiyo. Shika juu na chini: likicheza, ni beringi au boljointi, yaani kiungo cha duara kinachoshikilia gurudumu. Mwenzako awe chini na tochi aangalie ni kipi hasa kinachosogea, maana mkono peke yake hausemi.

Jambo moja ambalo gereji nyingi hulikosea ni bushi za kontrol amu, yaani raba za mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu. Boliti zake zikikazwa kwa nguvu ya mwisho gari likiwa linaning'inia kwenye jeki, raba inajifunga ikiwa katika mkao huo. Gari likishuka, raba inajinyonga saa zote, inachanika mapema, na alaimenti inaondoka nayo. Boliti hizo zinakazwa uzito wote wa gari ukiwa juu ya matairi. Muulize fundi wako alizikaza gari likiwa wapi.

Raki ya usukani imebadilishwa. Gari linakwenda sawa lakini usukani umepinda kulia. Fundi anataka kuung'oa aurudishe ukiwa umenyooka. Nimruhusu? (Urambo)

Usimruhusu, kwanza ajue sababu. Raki, yaani fito yenye meno inayosogezwa na usukani ili kugeuza matairi, ina katikati yake. Kabla ya kuunganisha shafti ya usukani, fundi huizungusha kutoka mwisho mmoja hadi mwingine akihesabu mizunguko, kisha hurudi nusu. Hatua hiyo ikirukwa, raki inafungwa ikiwa imelalia upande. Kung'oa usukani na kuuchomeka upya kunaondoa aibu machoni tu. Nenda uwanja wa wazi, kata usukani mpaka mwisho kulia, zunguka, kisha kushoto. Kama gari linahitaji nafasi ileile kuzunguka pande zote mbili, raki iko katikati au karibu nayo, na tatizo huenda ni shafti au usukani kuunganishwa vibaya, au tairodi kutolingana kidogo, jambo ambalo mashine inamaliza. Nafasi hizo mbili zikipishana waziwazi, raki haiko katikati, ifunguliwe.

Tena chini ya usukani kuna waya wa eabegi (mfuko wa hewa wa usalama) uliojikunja. Usukani ukizungushwa ovyo wakati shafti imefunguliwa, waya huo hukatika na taa ya eabegi inawaka. Na kama gari lako lina mfumo wa kuzuia kuteleza, kihisio cha usukani huenda kikahitaji kuwekwa sifuri kwa kompyuta baada ya kazi hii.

Mimi ni mwalimu, sijui magari. Nikifika kwenye mashine nisimamie nini ili wasinizungushe? (Cheyo)

Mwalimu, simama karibu, ni haki yako. Toa mizigo kwenye buti. Upepo wa matairi ulinganishwe kabla ya kupima, kwa kipimo kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Matairi ya mbele yakae juu ya sahani zinazozunguka, na usukani ufungwe kwa kishikizo ukiwa umenyooka kabla ya kugusa tairodi. Wapime magurudumu yote manne. Nyuma ya IST nyingi hakurekebishwi, lakini kukiwa kumepinda lazima ujulishwe.

Kisha dai karatasi yenye vipimo vya kabla na vya baada. Hilo usilikubalie mjadala. Mwisho, aliyefanya kazi akaze nati za tairodi na ahakikishe buti ya raki, yaani mfuko wake wa raba, haikujinyonga, halafu mwende wote kulijaribu barabarani.

Mwangaluka fundi. Huku Sikonge sina mashine karibu. Fundi wa kamba, anayepima matairi kwa kamba, anafaa? (Sikonge)

Mwangaluka. Anafaa kwa jambo moja, na akilifanya kwa utulivu analifanya vizuri: matairi ya mbele yanaangalia wapi. Hata wewe unaweza kuhakiki kwa chaki na futi. Tafuta sakafu ya saruji, maana kwenye mchanga wetu tairi linazama na kukudanganya. Linganisha upepo, nyoosha usukani, sukuma gari mbele mita chache. Piga alama ya chaki katikati ya kila tairi la mbele, upande wa mbele, zote kimo kimoja, kisha pima umbali kati yake. Sukuma gari mbele, usirudi nyuma, mpaka alama zilezile zifike upande wa nyuma kwa kimo kilekile. Pima tena. Kwa kuwa alama ni zilezile, hata rimu iliyopinda kidogo haitakudanganya. Kama bampa au injini inazuia futi, shusha alama chini kidogo.

Gari nyingi ndogo hutaka tofauti kati ya sifuri na milimita 2, mbele pakiwa pafupi. Kipimo chenyewe kimo kwenye kitabu cha matengenezo cha gari lako. Ukirekebisha, zungusha tairodi zote mbili kwa kiasi sawa, la sivyo usukani utapinda. Kemba, yaani tairi kulala ndani au nje kwa juu, na kasta, yaani mhimili ambao tairi hugeukia kuinama mbele au nyuma, futi haivipimi. Ukipata safari ya mjini, pita kwenye mashine.

Nimenyanyua gari kwa spesa kwa sababu ya barabara za Ulyankulu. Je, nahitaji alaimenti?

Ndiyo, siku hiyohiyo. Kimo kikibadilika, mkao wa tairodi na wa matairi unabadilika nao.

Karatasi inaonyesha vipimo vyote viko sawa, lakini gari linavuta kushoto. (Nzega)

Kwanza, barabara zetu zimeinamishwa pembeni ili maji yatoke, nasi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kuvuta kidogo sana ni kawaida. Likivuta zaidi ya hapo, badilishana matairi ya mbele, la kushoto liende kulia, kama hayana mshale wa mwelekeo. Gari likianza kuvuta kulia, tairi ndilo lenye kasoro. Lisipobadilika, baada ya safari fupi sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa: upande wenye joto kali breki yake haiachii.

Na usukani kutetemeka nikifika 90?

Hiyo mara nyingi ni balansi, yaani uzito wa tairi kutolingana pande zote, si alaimenti. Waombe wabalansi matairi ya mbele na waangalie rimu likiwa linazunguka. Likiwa linayumba kwa macho, risasi za balansi hazitalinyoosha.