Siku tano na farasi huko Bob Marshall, anza na majani

Kaka, umeuliza muanzie wapi, wewe na shemeji na farasi wenu wawili, siku tano kwenye msitu wa Bob Marshall huko Montana, Marekani. Mi ningeanza na majani aisee. Misitu ya serikali huko huruhusiwi kuingia na majani makavu yoyote tu, lazima yawe na cheti kwamba hayana mbegu za magugu, na farasi waanze kuyala siku tatu kabla ya safari maana mbegu zinapita tumboni zinatoka na mavi zikiwa hai. Mkitoka jimbo lingine bebeni pia majibu ya kipimo cha Coggins, kile cha damu cha ugonjwa wa kuambukiza wa farasi.

Usiku usimfunge farasi kwenye shina la mti, tafadhali sana. Atachimba na kwato mpaka mizizi ibaki nje na kamba inamenya gome, mi huwa navuta kamba juu ya kichwa chake kati ya miti miwili na kumfunga kwenye hiyo, kila mti nauvisha mkanda mpana kwanza, mita 60 au zaidi kutoka mtoni. Dubu wapo, chakula chote kining'inizwe juu, hata pumba za farasi. Na nendeni mwisho wa Julai, Juni mito bado imejaa maji ya theluji.