1500 ya Lichess na 1150 ya Chess.com

Kaka, umeuliza kama mdogo wako ameshuka kiwango cha sataranji, maana ana 1500 kwenye Lichess lakini 1150 kwenye Chess.com, tovuti mbili za kuchezea sataranji mtandaoni. Hajashuka. Namba zote mbili zinaweza kuwa za mchezaji yuleyule, kwa sababu kila tovuti ina mizani yake. Lichess humwanzishia kila mgeni kwenye 1500, kwa hesabu ya Glicko-2, njia ya kukokotoa kiwango cha mchezaji; Chess.com namba ya kuanzia hutegemea uzoefu aliojitajia mtu wakati wa kujisajili, na wapinzani ni wengine kabisa. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa miezi miwili iliyopita, tovuti ileile, muda uleule wa mchezo. Michezo ya dakika 1 msiitazame.

Nafundisha vijana sataranji hapa Kikuyu, Dodoma. Kwa kiwango hicho michezo mingi inapotea kwa kete iliyoachwa bila ulinzi, si kwa kutojua mianzo (mipangilio ya hatua za kwanza za mchezo), kwa hiyo aache kwanza kukariri mianzo. Acheze dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua. Kila mchezo alioshindwa aupitie mwenyewe, aandike ni hatua gani mambo yalianza kuharibika na alikuwa anawaza nini, ndipo awashe Stockfish, injini yaani programu ya kuchambua sataranji, ahakiki. Lichess uchambuzi huo ni bure, ni bando lake tu. Akiikimbilia injini kwanza ataona hatua sahihi bila kujua kwa nini hakuiona, na inaniuma kuona vijana wenye kipaji wanakwama hapo.

Ila namba hizo asizijaze kwenye fomu ya mashindano kama kiwango cha FIDE, shirikisho la sataranji la dunia. Hicho hupatikana ubaoni, kwenye mashindano yaliyosajiliwa.