Je, "usafirishaji wa anga" ndio lojistiki?

Swali: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili hapa Nakuru. Mwanafunzi wangu, katika insha kuhusu safari za mwezini, ameiita mipango yote ya kufikisha vifaa kwenye kituo cha kurushia roketi "usafirishaji wa anga". Nimsahihishe vipi?

Jibu: Mwalimu, kwanza mwonyeshe kwamba usafirishaji wa anga, kwa matumizi tuliyoyazoea, ni kazi ya ndege. Anayekusudia roketi na aandike "anga za juu".

Kosa la pili, la kuiita mipango yote "usafirishaji", ndilo zito. Roketi ya Saturn V iliyopeleka watu mwezini mwaka wa 1969 ilikuwa na sehemu kuu tatu: ya kwanza iliundwa New Orleans ikafikishwa Florida kwa tishari, ya pili ikatoka California kwa meli iliyopitia Mfereji wa Panama, na ya tatu ikasafirishwa kwa ndege. Kuzibeba sehemu hizo ni uchukuzi. Kuhakikisha kwamba mafuta na vipuri vipo na vinamfikia anayevihitaji ni ugavi, neno lililotokana na "gawa", w ikigeuka v kama "lewa" inavyozaa "mlevi". Kupanga vyote hivyo vikutane mahali pamoja, kwa siku iliyowekwa, ndiko lojistiki.

Hapa Kisumu ninakoishi, tofauti hiyo huonekana ufuoni Dunga. Mchuuzi wa samaki aweza kuwa amelipia barafu na kukodi gari, lakini barafu ikichelewa hadi jua la adhuhuri, mbuta aliyeopolewa alfajiri atakuwa ameanza kulegea nyama na kupoteza wekundu wa matamvua. Ugavi ulikuwapo, uchukuzi ulikuwapo. Kilichokosekana ni lojistiki. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka "ugavi" libebe maana yote kwa sababu tu lina asili ya Kibantu: tukifanya hivyo tutabaki bila jina la kile kilichomponza mchuuzi yule.

Neno lenyewe lipo katika ngeli ya I-ZI, kwa hiyo tunasema "lojistiki ilipangwa", wala hapana haja ya "malojistiki". Mpe mwanafunzi mfano wa nyumbani: "Lojistiki ya kurusha setilaiti ya Uhuru kutoka baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, iliikutanisha roketi ya Wamarekani na jukwaa la Waitaliano."