Kabla hujaandika kwamba samaki au chura anatengeneza sumu

Kwa nyinyi mnaoanza kusoma sumu za wanyama: msiandike kwamba mnyama anatengeneza sumu kabla hamjauliza anakula nini. Kazi nyingi za wanafunzi ninazosahihisha hukwama hapohapo. Sumu imekutwa kwenye ini au ngozi, basi mwandishi anaamini imeanzia huko.

Chukua samaki bunju. Sumu yake, tetrodotoksini, iliyopewa jina na Yoshizumi Tahara mwaka 1909, huziba njia za sodiamu (vijitundu vya protini vinavyopitisha ishara) kwenye neva hadi misuli ya kupumua inalegea, na kuipika hakuiondoi. Lakini mlee bunju tangu mdogo kwa chakula kisicho na sumu, atakua akiwa hana madhara. Mlishe chakula chenye sumu, ataikusanya. Sumu hiyohiyo imepatikana kwa bakteria wa baharini, wakiwemo wa jenasi ya Vibrio, na kwa baadhi ya konokono na viti vya pweza. Alichorithi bunju ni uwezo wa kuibeba: njia zake za sodiamu zina mabadiliko madogo kwenye protini, kwa hiyo sumu haizishiki vizuri.

Jaribio hilo la malezi ndilo ninalolithamini kuliko yote, na kwa vyura limetupa jibu zuri ajabu. Chura Phyllobates terribilis wa Colombia ana batrakotoksini, sumu ya neva ya kutisha, ila watoto wake wakizaliwa kwenye matangi ya kufugia hawana. Mkemia John Daly na wenzake waliwapa vyura wa familia yake nzi wa matunda waliopakwa unga wa alkaloidi, yaani molekuli ndogo zenye nitrojeni kama batrakotoksini. Baadaye alkaloidi zikaonekana kwenye ngozi. Porini, alkaloidi nyingi za vyura hao hutoka kwa sisimizi na utitiri wa udongoni. Mwaka 2004 ikaripotiwa kwamba mbawakawa wa Choresine huko New Guinea wana batrakotoksini, na ndege wa pitohui wa huko wanayo pia. Hapo kuwa makini: mbawakawa wa New Guinea si ushahidi wa chura wa Colombia anapata wapi yake.

Usigeuke pia ukadai kila sumu inaliwa. Vyura wa familia ya Bufonidae hutengeneza wenyewe sumu ziitwazo bufadienolidi kutokana na kolesteroli, na kuzihifadhi kwenye tezi zilizo nyuma ya macho. Samaki wenye miiba ya sumu nao hutengeneza sumu yao, ambayo kwa sehemu kubwa ni protini. Hii ni dalili ya kukusaidia: protini ina jeni lake ndani ya mnyama, kwa hiyo anza kulitafuta humo. Ukikutana na molekuli ndogo, kama alkaloidi, swali la chakula lije kwanza.

Ukienda kukusanya sampuli, andika mwamba wa matumbawe ulikomvua samaki, tarehe, ukubwa wake, na kilichomo tumboni kabla hujamtia kwenye dawa ya kuhifadhi. Siguatera, ugonjwa wa kula samaki wa matumbawe wenye sumu, inatudai hivyo. Sumu yake huanzia kwa Gambierdiscus, kiumbe cha seli moja kinachoishi juu ya mwani. Samaki wanaokula mwani huimeza, kisha samaki wakubwa huwala hao. Spishi moja yaweza kuwa salama kwenye mwamba huu na kulaza watu hospitali ikivuliwa mwamba wa pili. Sampuli iliyoandikwa jina la spishi tu haitakueleza tofauti hiyo.